Kifua cha Mkwe

Kuveze, lile sanduku la kupashia joto watoto njiti, lilifika katika kituo cha afya cha mtaa mmoja wa Shari, mjini Bunia, pamoja na kibao chenye jina la shirika lililolitoa. Umeme ulikatika wiki ileile. Kibao kiliendelea kufanya kazi vizuri.

Kwa hiyo mtoto wa Fabien, aliyezaliwa kabla ya wakati na mwepesi kuliko kuku, ilibidi afungwe kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama yake, Léontine, alikuwa bado anatetemeka kwa homa baada ya kupasuliwa. Ndugu wengine walitawanyika walipokimbia vita kule Djugu. Wenye kifua walibaki wawili tu: Fabien, na mama-mkwe wake Prudence.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kwao, mwanaume na mama-mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani, ni heshima. Vita vilichukua nyumba, mbuzi na shamba, lakini heshima hiyo walitoka nayo nzima. Hata katika kambi ya wakimbizi, ambako jirani akipiga chafya unajifuta wewe, wawili hao walikuwa wamefaulu kutokukutana. Sasa walitakiwa kupokezana mtoto, vifua wazi, katika chumba ambacho mbuzi mmoja angelalamika ni kidogo.

Muuguzi Geneviève alitundika kitenge katikati. Huku Fabien, kule Prudence, na yeye akimpitisha mtoto kutoka upande hadi upande.

“Muganga, umuambie mukwe afunge kitambaa vizuri,” ilisema sauti ya Prudence.

“Muganga, umuambie mama nimefunga.”

“Miye siko telefone yenu,” alisema Geneviève, kisha akafikisha ujumbe.

Asubuhi moja Geneviève aliitwa mbio kwenye chumba cha kujifungulia. Fabien alibaki na mtoto kifuani, akimsikiliza kama alivyozoea. Pumzi ndogo, pumzi ndogo. Halafu kimya.

“Muganga!”

Hakuna aliyejibu. Fabien alikuwa amefundishwa la kufanya, tena aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sasa kichwa kilikuwa kitupu. Aliogopa kuliko siku ile walipokimbia risasi.

“Muganga,” Prudence alikiambia kiti kitupu cha muuguzi, kilichokuwa penye ncha ya pazia, “umuulize mukwe iko nini.”

“Muganga,” Fabien naye akakiambia kiti, “umuambie mama mutoto haiko anapumua.”

Pazia liling'oka pamoja na msumari wake. Fabien akafumba macho, kwa heshima.

“Fungua macho! Usiangalie miye, angalia mutoto! Umushike kichwa!”

Akakishika. Mkono mmoja wa Prudence ulikuwa tayari ndani ya kitambaa, unasugua mgongo. Wa pili unapigapiga wayo kwa kidole. Hakuna kitu. Akasugua tena, akitaja jina la Mungu kwa sauti ya mtu anayegomba. Mtoto akakohoa, kisha akalia, kilio chembamba chenye hasira.

Fabien alilia pia, bila aibu. Machozi yakamwangukia mama-mkwe mkononi, naye hakuyafuta.

Geneviève aliporudi, aproni ikiwa bado na damu ya uzazi mwingine, aliwakuta wamekaa kitanda kimoja, vichwa vimeinamia kifua kimoja. Akafungua kinywa aulize.

“Nyamaza, muganga,” alisema Prudence. “Siye tunamusikiliza.”