Kikombe cha Kakao kwa Albert

Kuuliza, Jeannette alizaliwa nako. Padri wa Buleusa akimwona anamfuata baada ya misa alijua chakula chake leo kitapoa. Kwa hiyo siku Adelaïde, agronomu anayewafundisha kilimo kwenye koperative yao, alipofungua simu yake akawaonyesha wakulima video ya Wamaya wa Gwatemala wakinywa kakao, wengine walicheka wakarudi kwenye kazi zao, lakini Jeannette aliganda pale pale.

Kakao! Hii hii anayoivunja kila msimu, anaichachusha, anaianika, anaiuza bila kuionja hata tone. Kumbe wapo watu huko mbali ambao kwao ni kinywaji cha harusi na cha kukumbuka wafu, na kabla ya kukinywa huwaita wazee wao waliotangulia, jina kwa jina. Akamkalia Adelaïde kwa maswali. Anamimina nani? Wanakaa ao wanasimama? Na Yesu je, wanamjua? Adelaïde akasema wengi wao huenda misa kama sisi, na wala hawaoni ugomvi wowote hapo. Mengine hakuyajua, akamwachia simu atazame tena.

Usidhani ulikuwa udadisi mtupu. Josiane, binti yake, alikuwa karibu kuolewa, na kwao msichana haondoki nyumbani bila baraka ya mjomba. Mjomba mwenyewe ni Albert, kaka wa pekee wa Jeannette, anayekaa Nyabiondo, na Albert hajasema naye neno tangu shamba la migomba la baba yao lilipokatwa. Ugonjwa ulikuwa umeikausha migomba yote, Jeannette akaing'oa, akapanda kakao. Albert akawaka. Kasiksi ya migomba ile ndiyo pombe ambayo baba aliwamwagia wazee, na sasa dada ameweka mahali pake kitu cha wanunuzi, kitu ambacho hakuna mzee wao hata mmoja aliyewahi kukinywa. Akasema hana dada tena. Na Albert akisema, amesema.

Basi Jeannette akakaanga mbegu kwenye sufuria, akazimenya, akazitwanga mpaka kinu kikang'aa mafuta, akazikoroga kwa maji ya moto na pilipili, bila sukari, kama alivyoona. Akajaza termosi, akapanda pikipiki kwenda Nyabiondo. Njia nzima aliwaza jambo moja. Kaka akikataa, Josiane ataolewa kama mtoto asiye na kwao, na watu wataona.

Albert alimpa kiti, maana mgeni ni mgeni. Jeannette akaeleza yote: Wamaya, harusi, wazee, na kwamba pengine kakao si kitu cha wanunuzi peke yake. Akamimina kikombe, akampa kwa mikono miwili kama yule mama wa kwenye simu, akafumba macho, akasubiri.

Akasubiri sana. Alipofumbua, kikombe kilikuwa chini, na Albert alikuwa amesogeza kiti chake nyuma.

"Jeannette," alisema polepole, "unaniletea kitu nyeusi, haukionje, unanipatia mimi wa kwanza?"

Ee Mungu wangu. Katika milima hii hata mtoto anajua kwamba anayemimina ndiye anayeonja kwanza, ili mwenzake aone hakuna sumu. Jamaa ngapi zimevunjika kwa kushukiana tu! Naye, kwa kuhangaika na desturi za watu wa mbali, alikuwa ameisahau hii aliyofundishwa na mama yake. Angemlaumu vipi Albert? Aliona aibu mpaka akatamani kurudi kwake kwa miguu.

Hakujitetea. Alikiokota kikombe akanywa mafunda makubwa, mpaka nusu. Pilipili ikamshika kooni. Akakohoa, machozi yakamtoka, kamasi zikafuata, mama mzima ndani ya kitenge chake cha Jumapili. Albert akamtazama weee, mpaka kikohozi kikatulia. Ndipo akanyoosha mkono, akakichukua kikombe.

"Bale bantu," akauliza, "mbele ya kunywa banasema nini?"

Huyo naye ni mtoto wa baba yule yule, kuuliza hakumpiti mbali. Jeannette akajifuta uso.

"Banaita wafu wao," alisema. "Njo ile tu."

Albert akamwaga kidogo chini. Akalitaja jina la baba yao. Akalitaja la mama yao. Kisha akamwaga tena kidogo, akasema, "Jeannette."

"Kaka, mimi niko muzima."

"Najua," alisema Albert bila kumtazama. "Lakini mimi nilikuzikaka siku ile ya migomba."

Akanywa yote iliyobaki, akakunja uso kwa ule uchungu, akamrudishia kikombe mkononi.

"Umwambie Josiane," alisema, "mujomba wake iko."