Aliyesimamisha Mahakama

Kwa miaka mingi kazi ya Tarumbeta ilikuwa kuwasimamisha watu. Alikuwa mhudumu wa mahakama, yule anayekaa karibu na mlango wa hakimu na kupaza sauti, "Simameni!" kitasa kikizunguka. Hapo mawakili wenye majoho, askari, mashahidi, wezi na walioibiwa huinuka wote kwa pamoja. Alikuwa na kazi nyingine pia, za kubeba majalada, kuita mashahidi uani na kuwanyamazisha wenye simu, lakini hiyo ya kusimamisha ndiyo iliyompa jina. Sauti yake ilivuka barabara. Fundi viatu wa ng'ambo aliapa kwamba siku moja aliisikia, akajikuta amesimama na kiatu cha mteja mkononi.

Basi saratani ilipokuja, katika mwili wote huo, ikaenda kuchagua koo.

Alitibiwa. Alipigwa mionzi shingoni wiki baada ya wiki na kutundikiwa dawa kwenye mishipa, akakonda hata suruali zikawa zinamning'inia. Mwisho wa yote daktari akamwambia uvimbe umekwisha. Ndugu na majirani wakajaa sebuleni kushukuru, na yeye akashukuru pamoja nao. Sauti ilirudi, ingawa si ile. Hii ilikwaruza, lakini ilitosha ukumbi. Mate yalikauka, ladha ikapotea, na tonge halikushuka mpaka lisukumwe na maji. Hayo yote alionywa mapema, akayapokea. Ambalo hakumbuki kuonywa ni hili la kusimama.

Lilianza kwa adabu, miezi kadhaa baada ya matibabu kwisha. Asubuhi akiinuka kitandani, kabati linasogea kidogo, kisha linarudi mahali pake. Baadaye likawa linasogea na ukuta wake. Tarumbeta akawa anashika ukuta huohuo mpaka dunia itulie.

"Baba Pacha, unatafuta nini hapo ukutani?" mkewe akamuuliza siku moja.

"Naangalia rangi. Inabanduka."

Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshakagua rangi ya nyumba nzima, na ya choo pia.

Hakusema ukweli kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu walikuwa wameshashukuru. Mtu amevushwa mto wenye mamba, akifika ng'ambo alalamike kwamba viatu vimelowa? Ya pili hakuitamka hata moyoni: aliogopa kwamba ule ugonjwa umerudi, na safari hii umepanda kichwani. Asiyeuliza hajibiwi, na yeye jibu hakulitaka. Kwa hiyo alipoona nguvu zimerudi kiasi, akavaa sare yake na kurudi kazini.

Hakimu wa mahakama ile alikuwa mama mmoja mwenye sifa mbili. Kwanza, hakuvumilia mtu akae yeye anapoingia. Pili, hakuingia kwa wakati. Ukichelewa wewe ni dharau kwa mahakama. Akichelewa yeye, mahakama haijaanza. Mawakili walinung'unika miaka nenda miaka rudi, lakini kwenye korido tu, na kwa sauti ya chini.

Asubuhi hiyo alichelewa kama desturi. Ukumbi ulijaa, joto likajaa nao. Tarumbeta alikuwa kwenye kigoda chake, hajanywa maji tangu nyumbani, kwa kuwa kumeza kulikuwa kazi na choo kilikuwa mbali. Mara kitasa kikazunguka. Akaruka juu kama zamani.

"Sima—"

Ukumbi ukapanda, yeye akashuka. Aliona majoho meusi yanaungana kuwa giza moja, kisha hakuona kitu.

Kizimbani, hatua chache kutoka pale, alikuwapo kijana mwembamba aliyeshtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Alikiruka kizimba na kukidaka kichwa cha Tarumbeta kabla hakijafika kwenye kona ya meza. Askari walipoona mshtakiwa ameruka, hawakungoja maelezo, wakamrukia. Hakimu alipoingia akakuta mhudumu yuko sakafuni, mshtakiwa amemkumbatia mhudumu, na askari wamempanda mshtakiwa.

"Mhudumu yuko wapi?" akauliza.

"Chini kabisa, Mheshimiwa," karani akajibu.

Sasa, mtu wa namna hii akilala tu, damu inarudi kichwani na akili inarudi nayo. Tarumbeta akafumbua macho, akaona dari, akakumbuka kazi aliyoiacha njiani.

"—meni," akamalizia, chali. Bahati nzuri wote walikuwa wameshasimama.

Askari mkubwa, akihema, akaeleza kwamba mshtakiwa amejaribu kutoroka. Hakimu akamgeukia kijana. "Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Kwa huyu mzee, Mheshimiwa. Niliona anaondoka."

"Uliona nini, na watu wote hawa hawakuona?"

"Macho, Mheshimiwa. Mimi huwa namwangalia mtu kwanza kama akili yake ipo, kabla sija—"

Wakili wake akapatwa na kikohozi kikubwa sana, na kesi ikaahirishwa.

Habari zilifika nyumbani kabla yake, na zilipofika zilikuwa zimenenepa. Wako waliosema amelewa, wako waliosema amepigwa na mwizi. Mama Pacha alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Kumbe rangi haibanduki."

"Mama Pacha..."

"Usinimama-pache mimi. Mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe una bahati, umeumbuliwa na mwizi wa baiskeli. Kesho tunakwenda hospitali, na mimi naingia ndani na wewe."

Daktari alikuwa binti mpole aliyewaita baba na mama. Akamlaza Tarumbeta na kumpima presha; ilikuwa nzuri. Akamwambia asimame, akapima tena, akangoja kidogo, akapima tena. Ilikuwa imeporomoka. Kabla hajasema neno Tarumbeta akamtangulia. Aliuliza huku akitazama viatu vyake.

"Imerudi?"

Daktari akaishika shingo yake, akaikagua upande huu na upande huu, akaomba arudie kipimo cha kamera cha koo. Majibu yalipotoka akawaita wote wawili. Haikurudi. Koo ni safi.

Mama Pacha alilia kwa sauti. Kwa Tarumbeta ajabu ni kwamba baada ya furaha ya kwanza ilimjia hasira kidogo.

"Sasa kama haipo, nani ananiangusha?"

"Matibabu, baba," daktari akasema. "Shingoni, kwenye mishipa mikubwa, kuna sehemu zinazopima presha ya damu. Ukisimama, damu inataka kushukia miguuni, na zile sehemu zinatoa taarifa haraka ili mishipa ibane na moyo uongeze kasi. Mionzi iliyoua uvimbe imezichosha na hizo. Taarifa inachelewa. Juu ya hapo hunywi maji ya kutosha. Na kuna vile vidonge vya kushusha presha ulivyoanza kabla ya saratani, bado unavimeza?"

"Kila siku! Sijawahi kuruka hata siku moja," Tarumbeta akajibu kwa fahari.

"Basi unaishusha presha ambayo inashuka yenyewe."

Vidonge vikapunguzwa, kwa ahadi kwamba atarudi kupimwa kila mara, maana presha ya mtu wa hivi inaweza pia kupanda ghafla bila taarifa. Akaambiwa anywe maji kidogo kidogo siku nzima. Asikoge maji ya moto sana. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, akunje ngumi, ndipo ainuke. Akiona giza linakuja, akae palepale alipo, asijitie ushujaa. Na kwa upande wake, kwa kuwa moyo na figo zilikuwa nzima, aruhusiwe chumvi zaidi kidogo.

"Chumvi?" Mama Pacha akashtuka. Huyu ndiye aliyeifukuza chumvi nyumbani kwa sababu ya presha ileile, akaificha hata kwa wageni. Tarumbeta aliomba, alinuna, aliwahi hata kulamba chumvi jikoni kwa siri. Leo ameruhusiwa na mganga mwenyewe, na ulimi wake haujui tena chumvi ni nini.

"Na kazi yako, baba, ni gani?" daktari akauliza.

"Kusimama ghafla."

Daktari akaweka kalamu chini.

Nyumbani kukaanza maisha mapya. Soksi za kubana, ndefu mpaka mapajani, zilihitaji watu wawili kuzivaa, na zikiisha kuvaliwa wote wawili walikuwa hoi. Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa kwa matofali, kama daktari alivyoshauri, na kila asubuhi Mama Pacha aliamka akiwa ameteleza mpaka miguuni. "Ugonjwa ni wako," alisema akipanda tena, "lakini mteremko ni wangu." Hata hivyo ndiye aliyekaa naye ukingoni kila alfajiri, akimshika bega ili asiinuke mapema. Tarumbeta hakuwahi kuzungumza na mkewe asubuhi tangu wafunge ndoa. Siku zote aliruka kitandani na kuondoka. Sasa akagundua kwamba mama huyu ni mcheshi.

Kazini karani mkuu akampokea kwa huruma nyingi, na huruma ya ofisini mara nyingi hukutoa ofisini. Alitaka kumpeleka stoo ya vielelezo, kwenye mapanga na baiskeli za wizi. "Kule kuna kiti, mzee wangu. Mtu wa kusema simameni hawezi kusema amekaa. Haileti picha nzuri."

Tarumbeta akaomba muda ajaribu. Siku iliyofuata hakungoja kitasa. Aliinuka mapema, taratibu, kwa vituo, akasimama ameegemea nguzo kumsubiri hakimu. Hakimu akachelewa. Kusimama muda mrefu nako kukaanza kumletea giza, akafanya kama alivyofundishwa: akapishanisha miguu, akabana mapaja na makalio, akakunja ngumi. Wakili mmoja akamnong'oneza kwamba choo kiko wazi, aende tu, hakuna atakayemlaumu.

Hapo ndipo alipoomba kumwona hakimu ofisini kwake. Alikaribishwa kiti, akakaa, akasema lile ambalo chama kizima cha mawakili hakikuwahi kuthubutu.

"Mheshimiwa, kazi yangu naiweza. Ila mwili wangu sasa unataka taarifa. Ukisema saa tatu na ukaingia saa tatu, mimi naanza kuinuka kabla kidogo, nasimama vizuri. Ukichelewa..."

"Nikichelewa?"

"Naanguka, Mheshimiwa."

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Umetumwa na mawakili?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni mishipa ya shingo."

Tarumbeta akaanza kuyafikiria yale mapanga ya stoo. Kisha hakimu akavua miwani, na uso wake bila miwani ulikuwa wa mtu ambaye hakulala vya kutosha.

"Asubuhi namhudumia mama yangu kabla sijatoka," akasema. "Ndicho kinachonichelewesha. Naye akiinuka anaanguka, mara bafuni, mara jikoni. Ni mtu mzima, mimi nilidhani ni uzee tu. Namkaripia."

"Usimkaripie, Mheshimiwa. Mpeleke wampime amelala, halafu amesimama. Na usimwinue haraka. Mkae kwanza."

"Tukae tufanye nini?"

"Mzungumze tu," Tarumbeta akasema, akaona haya.

Jumatatu iliyofuata hakimu aliingia saa tatu kamili. Tarumbeta alikuwa wima, miguu imara ndani ya zile soksi, na "Simameni!" yake ya kukwaruza ikawakuta watu wachache mno wa kusimama. Nusu ya mawakili walikuwa bado wanakunywa chai. Waliozoea kulalamika kwamba hakimu hana saa, sasa wakaingia wakikimbia na majoho begani, mmoja amekosea mikono, wakaonywa mbele ya wateja wao. Mchana malalamiko kwenye korido yalikuwa yaleyale, ila yamegeuzwa: mahakama gani hii isiyompa mtu nafasi ya kupumua? Wakatafuta wa kumlaumu, wakampata, na kwa muda mrefu walimsalimia Tarumbeta kwa ukavu.

Kizunguzungu hakikuisha. Daktari alikuwa mkweli tangu mwanzo: kitapungua, kitazoeleka, lakini huenda wataishi pamoja. Ziko siku za joto ambazo mwili ulikataa katakata, naye akabaki kwenye kigoda na karani akaita badala yake. Zilizokuwa ngumu kuzizoea ni huruma za watu. Siku moja, akitoka sokoni na mkewe, giza likamjia akimngoja mbele ya duka la nguo. Akafanya kama alivyoambiwa, akakaa chini palepale kwenye baraza. Wapita njia wawili wenye roho nzuri wakamwinua mara moja. Akaanguka. Wakasikitika sana, wakamwinua tena kwa nguvu zaidi.

"Niacheni chini!" akawaambia alipopata pumzi. "Wanangu, huku chini niko sawa kabisa. Matatizo yangu yote yako huko juu."

Wakatazamana, wakaona mzee amechanganyikiwa, wakazidi kumhurumia. Ndipo Mama Pacha akatokea dukani na kikapu chake. Hakuuliza kitu. Akaweka kikapu, akakunja gauni, akakaa chini karibu na mumewe, akamfungulia chupa ya maji.

"Bei ya vitunguu imepanda," akasema.

"Imepanda kiasi gani?" Tarumbeta akauliza, akanywa. Wale wawili wakabaki wamesimama mbele yao, hawajui waende au wangoje.