Adabu za Mkekani

Nianze na baba mkwe wangu, maana yeye mwenyewe asingekubali mtu aingie mahali bila kumsalimia kwanza. Anaitwa Gasana. Zamani, mwanamke aliyeolewa kwetu hakuruhusiwa hata kulitamka jina la baba wa mumewe, na kama jina lilifanana na neno la kila siku, neno hilo nalo aliliacha akatafuta jingine. Siku hizi tumelegeza. Lakini mimi nililelewa Mbarara na bibi mkali, na mpaka leo nikilitaja jina hilo naona kama nimekanyaga kitu. Yeye namwita Papa, nakaa mbali na kiti chake, na simpi mgongo.

Mtu huyohuyo nisiyempa mgongo ndiye aliyekuja kutandika mkeka wake nyuma yangu kwenye darasa la yoga.

Darasa liko mtaa wa Gisozi, ghorofani, juu ya karakana za maseremala. Mwalimu wetu ni Trinah, binti aliyekulia Kampala, mpole wa sauti lakini kwenye masharti yake hasogei hata inchi. Viatu mlangoni. Simu izimwe kabisa. Ukishavuka kizingiti, maneno yamekwisha. Mkeka wa mwenzako ni chumba chake, huukanyagi wala huugusi. Na mwishoni, tukilala chali ule mkao unaoitwa maiti, vitambaa machoni, hakuna anayeinuka mpaka kengele ilie. Niliyapenda masharti hayo kuliko yoga yenyewe. Nyumbani nina mapacha, kazini nina wateja wa bima wenye hasira, na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na saa moja ambayo hakuna anayeniita. Hiyo ilikuwa yangu, na sikuwa na nyingine.

Papa alikuja kwa sababu ya presha. Daktari alimshauri mazoezi mepesi, na mume wangu Mugenzi, badala ya kumwambia baba yake atembee barabarani kama wazee wenzake, akafungua mdomo mezani mbele ya wageni.

"Kellen iko na darasa nzuri sana, Papa. Mtaenda pamoja."

Ningesema nini? Nikasema karibu.

Jumamosi ya kwanza alichelewa, kwa kuwa pale chini alikuwa anawasalimia maseremala, mmoja baada ya mwingine, yeye akimuuliza kila mmoja jina, kwao na hali ya mama yake. Tukiwa juu tulisikia randa zikinyamaza moja moja. Kisha mlango ukafunguka, akaingia na viatu vyake vya kanisani.

"Habari za asubuhi, jamani!"

Alikulia Karagwe, na Kiswahili chake ni cha Tanzania, kimenyooka, anajivunia. Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumefumba macho tunavuta pumzi. Akarudia kwa Kinyarwanda, kwa sauti zaidi. Kimya. Basi akaniinamia, akaninong'oneza kwa mnong'ono wa mtu aliyefanya kazi ya forodha mpakani miaka yote ya ujana wake, mnong'ono unaosikika ng'ambo ya mto.

"Mkaza mwanangu, hawa watu wamegombana?"

Niliomba sakafu ipasuke niangukie kwa maseremala.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alipita juu ya mikeka ya watu akimpa kila mmoja mkono. Simu yake ikalia, kwaya nzima, na akaipokea: "Niko yoga! Yoga! Nitakueleza!" Mwanamke mmoja aliposimama kwa mguu mmoja bila kutikisika, Papa akapiga makofi, akasema vizuri sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Trinah alipotuambia tuiname kama mbwa anayejinyoosha, makalio juu, mimi nilipiga magoti nikajifanya mgongo unauma, maana nyuma yangu alikuwa nani? Jumamosi iliyofuata nilihamia nyuma kabisa, kando ya mlango, ili pasiwe na mtu mgongoni kwangu. Naye, kwa wema wake, akahama pia, akatandika ubavuni kwangu. Alisema mtoto wa watu hawezi kuachwa mlangoni peke yake kama mlinzi.

Mtu pekee aliyefurahi alikuwa Ilyasi, fundi cherehani wa Biryogo, ambaye mgongo wake uliinama kwa kushona hadi akashauriwa yoga. Kila Papa akisema neno, mabega ya Ilyasi yalitikisika. "Huyu mzee iko dawa," aliniambia kwenye ngazi. "Mimi nakuja sababu yake."

Wengine hawakufurahi. Walilalamika, wawili wakaacha kuja. Trinah akanivuta pembeni.

"Kellen, I'm sorry, mimi siwezi kumwambia mzee kama yule, nitaanzia wapi? Lakini wewe ndiye ulimleta. Atulie kabisa, au nyote wawili mtafute darasa lingine."

Saa yangu, basi, ilikuwa inaondoka na salamu za Papa.

Mimi kumwambia sikuweza. Mke wa mwana hamfundishi baba mkwe adabu, na hasa adabu ya kutosalimia. Nikamwendea Mugenzi, aseme yeye.

"Nimwambie Papa nini? Kwamba ananuka?"

"Hanuki. Anasalimia."

"Mimi, mtoto wake, nimwambie asisalimie watu?" Akarudi kwenye mpira wake. Wanaume wetu ni mashujaa wa kila vita isipokuwa ile ya sebuleni.

Ikabaki njia yetu ya siku zote, ya kutuma mtu. Kwetu jambo gumu halisemwi na mwenye nalo. Anatumwa mwingine, anakunywa maziwa, anauliza hali ya ng'ombe hata kama ng'ombe wenyewe waliuzwa zamani, kisha analiteremsha neno polepole. Nikamwomba shangazi Winifred, dada yake Papa, anayekaa Busanza. Nilimpa neno dogo, la kubebeka: wakati wa yoga anyamaze kidogo, simu aizime. Kidogo tu, shangazi. Akaniambia niache, yeye anamjua kaka yake.

Na neno likitumwa hukua njiani. Nilikuja kujua baadaye alivyolifikisha. Alikunywa maziwa, akauliza ng'ombe, halafu akamwambia: "Kaka, unamtia aibu mtoto wa watu. Anashindwa kuinua uso mbele ya wenzake kwa ajili yako."

Kwa mtu mwingine hayo ni maneno. Kwa Papa, anayeamini kwamba msichana aliyetolewa kwao akaletwa kwako ni amana, hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Jumamosi hiyo tulimkuta amefika kabla yetu sote. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimepangwa visigino pamoja, na soksi zimekunjwa ndani. Simu aliiacha garini. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo wima, mikono magotini. Nilipoingia aliinamisha kichwa, basi. Maseremala waliniuliza kwenye ngazi kama mzee anaumwa, maana amepita hajasimama.

Sikujua nicheke au nilie. Saa nzima hakutoa sauti. Alipopiga chafya aliinua kiganja kuomba radhi kwa chumba kizima. Goti lilipomkatalia, na nililisikia likilia, alikunja uso akameza. Trinah alifurahi kupita kiasi, akasema ndiye mwanafunzi wake bora, laiti wote tungekuwa hivyo. Nikapewa saa yangu, ileile niliyoililia, imenyamaza kuliko zamani, nami nikalala ndani yake kama mtu aliyelalia jiwe.

Ubaya ni kwamba hakunyamaza yoga tu. Jumapili alikuja kwetu kula, akaketi, akamega, akashukuru. Mapacha walimpandia mapajani wakimdai hadithi za mpakani Rusumo, za magendo ya sukari na yule jamaa aliyemficha mbuzi kwenye gunia la mkaa. Akawaambia siku nyingine. Nilisimama na bakuli la mboga nikitaka kusema, Papa, si hivyo, nilisema kidogo tu. Lakini neno lililopitia kwa mjumbe unajifanya hulijui. Ukilitaja, umemvua nguo aliyelipokea na umemfanya mwongo aliyelipeleka. Nikamwongezea mboga. Nikamtuma tena shangazi akalipunguze, naye akanikemea: maji yaliyomwagika unataka yazoleke? Kazi si imefanyika?

Imefanyika, shangazi.

Jumamosi nilipofika, alikuwa ubavuni mwa mkeka wangu kama kawaida. Tulijinyoosha, tukajikunja, chini randa zikikwaruza. Mwishoni Trinah akatulaza ule mkao wa maiti, akatufunika macho, akasema kwa sauti yake ya asali: achia miguu, achia mikono, achia uso, usishike chochote. Nikaachia. Kwa mara ya kwanza tangu shangazi aende kunywa yale maziwa nilikaribia usingizi. Karibu yangu nilisikia kitu kikigonga sakafu taratibu, tok, tok, kama ncha ya kidole. Kule Gisozi kila kitu hugonga, na nikajua ni seremala.

Kengele ililia. Tukakaa. Papa hakukaa.

Trinah akaweka kidole mdomoni, macho yakimmeremeta. "Mwacheni," akanong'ona. "Amelala kabisa. Kwa mwalimu hii ni zawadi." Na kwa kuwa adabu ya darasa inasema usimwamshe aliyepata usingizi mkekani, watu wote walikunja mikeka yao bila kelele, wakachukua viatu mkononi, wakatoka kwa ncha za vidole, wakimpita mmoja mmoja na tabasamu. Nami niliuacha mkeka wangu pale, nikasimama mlangoni na viatu vyangu, nikimngoja, nikijisemea apumzike.

Ilyasi ndiye aliyerudi, amesahau kofia yake. Alipoinama kuiokota alibaki ameinama.

"Madamu. Mzee haiko lala. Iko macho. Angaria, iko macho!"

Kitambaa kilikuwa kimeteleza. Jicho moja lilikuwa wazi, linaniangalia, na machozi yalishuka mpaka sikioni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulilala kama si wake, na ule wa kushoto ameuvusha kifua, umenyooka kuja kwangu, vidole vimefika kwenye ukingo wa mkeka wangu, vikakomea hapo. Ukingoni, sakafuni. Hakikuvuka hata kimoja.

Nilipiga kelele kwenye chumba kile ambacho hakijawahi kupigiwa kelele. Kelele zikafika chini, na maseremala wakapanda wote, na vumbi la mbao nyusoni, na viatu, wakikanyaga kila kitu, wakimwita kwa jina: Mzee Gasana, Mzee Gasana, tupo. Waliujua mguu wake mbaya ni upi. Walimshusha juu ya mlango mpya ambao haujapakwa vanishi, na mimi nilikimbia peku nyuma yao.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, akauliza kilianza wakati gani. Wakati gani? Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote duniani, mkono mmoja tu katikati yetu. Alisema angepata la kufanya zaidi kama mgonjwa angeita mtu mara tu alipohisi ganzi. Je, hakuita? Mugenzi alinitazama. Shangazi Winifred alitazama mkoba wake.

Kwa siku kadhaa hakusema. Watu wa darasa walikuja, Trinah amevimba macho kwa kulia, Ilyasi na chupa ya chai ya maziwa kutoka Biryogo, na wote, kwa vile ukutani kumeandikwa msipige kelele, walisimama kumzunguka wakinong'ona. Nilitamani mmoja wao aseme kwa sauti, habari za asubuhi, jamani. Hakusema mtu. Mimi pia nilinong'ona.

Maneno yalianza kumrudia asubuhi moja nikimlisha uji. Yalikuwa mazito, yanamtoka kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikalazimika kuinama, sikio langu karibu kabisa na uso wake, mimi ambaye sijawahi kukaa hata kwenye kiti cha jirani na chake.

"Kengele," alisema. "Niliisubiri kengele."

"Ndiyo, Papa."

Akapumzika. Akaukusanya mdomo wake kwa shida, na lile jicho zima likanitafuta, lina wasiwasi, kama la mtoto aliyeleta daftari lisahihishwe.

"Safari hii sikukuaibisha? Nilinyamaza vizuri?"

Bakuli la uji lilikuwa mkononi kwangu. Ningemwambia nini, na nimtume nani?

"Vizuri sana, Papa," nikamwambia. "Ulinyamaza vizuri sana."

Akafumba jicho, ameridhika.