Babu Ishirini na Wawili

"Haya, Idman, mgeni kafika!" Gelle alipiga makofi kana kwamba anaita mbuzi. "Mwambie Mzee Yarrow babu zake."

Idman, mtoto wa miaka minane, hakumtazama mtu. Ukoo wa Yarrow aliusikia mara moja tu, Ramadhani iliyopita, mzee huyo alipotoka Masalani kuja kuwasalimu. Sasa akaumwaga wote, baba kwa babu, majina ishirini na mawili, bila kukwama.

"Mashallah!" Yarrow alicheka. "Mimi mwenyewe hupotelea kwenye la kumi na tano!"

Hinda hakucheka. Alimwona Idman, binti yake, akitafuna kifundo cha mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake ya kiu. Wanaume wawili wameshika vikombe vya chai, wala hakuna aliyeona.

"Shemeji, ile fomu ya shule. Mwisho ni leo."

"Shule ya nini, walaal, ndugu yangu? Kichwa hicho kimeshajaa. Wataniharibia."

"Watakuharibia wewe?"

Tangu mumewe afariki, Hinda alimngoja Gelle, ndugu wa marehemu, kwa kila jambo, kwa heshima tu. Fomu hii, wiki tatu sasa! Na mwalimu wake wa masomo ya jioni alishamweleza: ubongo si gunia moja. Upande mmoja waweza kufurika majina, na njia ya kuomba maji ikabaki haijachongwa. Lakini huchongwa, mtoto akifundishwa.

"Idman, mama yako nani?"

Idman akaendelea kutafuna mkono.

"Umeanza, Hinda," Gelle alisema. "Mama hayumo kwenye ukoo."

"Ndiyo hivyo! Akipotea sokoni ataita wafu, na hakuna hata mmoja atakayeinuka kuja kumchukua! Mnamchezesha kama redio. Na redio angalau mnaikumbuka kwa betri!"

Yarrow aliweka kikombe chini.

Hinda akaikunjua fomu gotini. *Sahihi ya mzazi au mlezi.* Mzazi! Neno lilikuwa pale siku zote. Akaandika jina lake huku akilitamka, kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Umenipita, Hinda, bila ruhusa yangu?"

"Nimekupita."

Akampeleka Idman mtungini. Mtoto akanywa vikombe viwili, kisha akaanza, kwa sauti ile ile ya kutaja babu: "Idman. Hinda..." Akakwama, akiutazama mdomo wa mama yake, akingoja la tatu.

"Arbia," Hinda alisema, sauti ingali inatetemeka kwa hasira. "Mama yangu mimi. Endelea."