Kiti Kisichobonyea

Mimi ni fundi wa makochi, na mtaani wananiita Sponji. Sikasiriki, wateja wameshaniita mabaya zaidi. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu anayeshika sponji kutwa nzima hadanganywi kirahisi katika mambo ya kukaa. Ndiyo maana sinema siielewi. Mtu mzima, mwenye nyumba yake na kochi lake, anaoga, anapaka mafuta, anatoka kwenda kukaa gizani na watu asiowajua, kwenye kiti kilichokwisha kukaliwa na nusu ya mji. Na mtu mzima huyo ni mke wangu.

Ni kila Jumamosi mchana. Anavaa viatu vyake vya ngozi, anachukua mkoba, ananiambia chakula kiko kwenye sufuria, huyoo anakwenda zake. Mwanzoni nilidhani ni jambo la kupita tu. Baadaye nikadhani kuna mtu. Nikamtuma mdogo wake wa kike akachungulie. Alirudi amenuna.

"Shemeji, hakuna mtu. Anakaa peke yake katikati ya ukumbi na bisi zake. Na usinitume tena mambo ya kipuuzi."

Basi nikaamua kumrudisha nyumbani kifundi. Kaka yake anauza televisheni na spika, na kwa kuwa hajawahi kukaa kwenye kiti bila rimoti mkononi, jina lake ndilo hilo hilo, Rimoti. Huyu shemeji yangu anaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru.

"Shemeji, sinema imekufa," aliniambia. "Siku hizi sinema unaileta sebuleni. Skrini hii ukiitazama unaona hadi vinyweleo vya pua ya mtu."

"Nani anataka kuona vinyweleo vya pua ya mtu?"

"Dada yangu."

Nikanunua. Skrini ikala ukuta mzima, picha yetu ya harusi ikahamia chumbani. Spika zikakaa pembe zote nne, na nyingine kubwa kama pipa ikasukumwa chini ya meza. Dirisha nikaliziba kwa pazia zito jeusi. Kisha nikafanya kile ambacho Rimoti na mashine zake zote hawawezi. Nilitengeneza viti viwili vilivyoungana, na kiegemeo kimoja katikati cha kuwekea viwiko, sponji ngumu chini, laini juu, kitambaa cha mahameli rangi ya damu ya mzee. Cha kushoto changu, cha kulia chake. Hakuna sinema yenye viti kama vile, na atakayebisha aje avikalie.

Alikaa. Sitaki kumsingizia, alikaa. Jioni ya kwanza tulitazama filamu ya askari anayemsaka muuaji wa ndugu yake, na mimi nilimsaidia sana. Nilimwonyesha mapema kwamba muuaji ni daktari, maana ndiye pekee aliyekuwa mpole. Nilimwonyesha kwamba damu ile ni rangi, kwamba nyumba ile ni ya mbao za kuigizia na ukiipiga teke inalala, kwamba yule mama anayeomboleza hana hata chozi, na kwamba kochi alilokalia limebanwa kwa pini za haraka haraka, litaachia kabla filamu haijaisha.

"Mm," alisema mke wangu.

Alisema "mm" jioni nzima. Nikajua anafurahi. Jumamosi iliyofuata akavaa viatu vyake vya ngozi.

Miezi ikapita. Sasa, sponji haina siri. Kiti changu kilianza kubonyea pale ninapokaa, kama kinavyotakiwa. Chake kilibaki kimevimba kama mkate uliotoka kwenye oveni. Nilikuwa nakipitishia kiganja kila nikipita sebuleni, na kiliniuma. Niliona haya kumwambia mtu kwamba fundi mzima anaumizwa na kiti. Sikuwa na shida na skrini wala spika. Nilichotaka ni yule mwanamke akae pale, karibu yangu, Jumamosi mchana, basi.

Kisha sinema ikatangaza kwamba imefanya ukumbi wake uwe wa kisasa. Picha zitakutokea usoni ukivaa miwani. Viti ni vile vile, lakini vimetiwa mashine chini, vitatikisika. Mvua ikinyesha kwenye filamu, nawe utarushiwa maji. Nikacheka hadi nikakohoa. Watu wanahangaika kuezeka nyumba wasilowe, halafu wanakata tiketi wakaloweshwe. Nikamwambia mke wangu kwamba Jumamosi hii tunakwenda wote. Nilitaka auone upuuzi huo mimi nikiwa pembeni yake, nimwelezee.

Alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Utakaa kimya, baba watoto?"

"Lini mimi nimekuwa msemaji?"

Akavaa kiatu cha pili.

Kwenye foleni nilikutana na watazamaji wenyewe, na kila mmoja ana maoni yake kama bingwa. Mbele yetu alisimama mwalimu mstaafu aliyekuwa akimweleza kila aliyegeuka kwamba tangu waache mikanda, picha zimekosa roho. Nikamuuliza, kama roho ilikuwa kwenye mkanda, mbona ilikuwa ikikatika katikati ya filamu tukabaki gizani tunapiga miluzi. Akanigeuzia mgongo. Nyuma yetu binti mmoja mwenye sare za benki alilalamika kwamba miwani ile inamtia maumivu ya kichwa, na kwamba hii ni mara yake ya nne kuja. Mwenzake, kijana mwenye simu mbili, alisema sinema ni kupoteza muda, yeye filamu huziangalia kwenye simu, tena anazikimbiza ziishe upesi. Huyo sikumjibu, nilimhurumia tu mke wake mtarajiwa.

"Umeahidi," alisema mke wangu.

"Bado hatujaingia."

Ndani aliniongoza moja kwa moja, bila kutazama namba, hadi viti viwili vya katikati. Nikakibonyeza changu, cha kushoto, kwa dole gumba. Ilikuwa sponji nyepesi, ile wanayofungia vyombo vya udongo visivunjike njiani. Mshono wa pembeni umeanza kuachia. Mashine ya kutikisa wameifunika kwa kitambaa kipya kinachong'aa, ili usitambue kwamba juu yake umekalia hewa. Nikamwinamia mke wangu nianze kumweleza, na hapo hapo spika zikalipuka.

Sijawahi kukutana na kelele ya namna ile. Iliniingia kupitia nyayo. Nikamwambia mke wangu kwamba hawa wametuleta hapa kutupasua masikio, na sikujisikia mwenyewe. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Nikamgusa kiwiko, naye akanipigapiga mkono bila kugeuka, kama anayembembeleza mtoto alale. Kiti kikanirusha, miwani ikaniangukia mdomoni. Maji yakanipiga shingoni. Filamu yenyewe ilikuwa ya mama anayemtafuta binti yake kwenye mji uliofurika, na mwisho wake niliujua mapema sana, lakini sikuwa na wa kumwambia.

Kwa kukosa kazi, nikamtazama yeye.

Alikuwa akicheka, mabega yote yanacheza. Baadaye kidogo akainua miwani, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akairudisha upesi asije akapitwa. Mama wa kwenye filamu alipoteleza, mke wangu alinyoosha mkono mbele kumdaka. Tumelea watoto wanne hadi wakaondoka nyumbani, na sikujua kwamba huyu mwanamke hulia kwenye filamu. Nyumbani husema "mm".

Taa zilipowaka akatangulia msalani. Nikainama nikaweka kiganja kwenye kiti chake, mazoea ya kazi tu. Kilikuwa kimebonyea. Kilibonyea zaidi upande wa kulia, na mke wangu hukaa akiegemea kulia, nimemtengenezea viti tangu tuoane. Wengine nao hukikalia, najua, lakini niliijua ile alama kama ninavyoujua mkono wangu. Nikabaki nimekishika hadi mfagiaji akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mlangoni tulimkuta msichana mwenye kipaza sauti, na mwenzake ana kamera begani. Wanakusanya maoni ya watazamaji kuhusu teknolojia mpya. Hatimaye mtu mwenye akili ameniuliza, nikasema moyoni. Niliwapa ya miwani, niliwapa ya maji, niliwapa ya kelele. Niliwaambia kwamba sinema ikifikia kumtikisa mtu ili ashtuke, ujue hadithi yenyewe imeshindwa kumshtua. Mwenye kamera aliishusha begani kabla sijafika kwenye mishono.

"Na wewe mama?" msichana aliuliza. "Umependa nini zaidi? Picha, miwani, au viti?"

"Sauti," alisema mke wangu.

"Ina nini sauti yetu?"

"Ni kubwa. Mume wangu alikuwa pembeni yangu anaongea muda wote, na sikusikia hata neno moja."

Msichana alicheka. Kamera ilikuwa imerudi begani. Mke wangu hakucheka.

"Nyumbani tuna skrini kubwa," aliendelea, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Viti vyetu ni vizuri kuliko hivi, kavitengeneza mwenyewe kwa mikono yake. Lakini sijawahi kuisikia filamu hata moja pale. Namsikia yeye. Ndiyo maana nakuja huku."

Tukatembea. Tulipita duka la dawa, tukapita kituo cha mafuta. Maneno yalikuwepo, ila kila nililolishika niliona ndilo lile lile analolikimbia.

"Ungeniambia," nilisema tulipofika kona ya kwetu.

"Nilikuambia," alisema. "Ulikuwa unaongea."

Jumamosi iliyofuata alipovaa viatu vyake vya ngozi, mimi nilikuwa nimeshavaa vyangu. Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Utakaa safu ya nyuma yangu," alisema.

"Nyuma nitaona nini?"

"Safu ya nyuma, baba watoto. Au ubaki."

Sasa ndiyo mtindo wetu. Kila Jumamosi nakaa nyuma yake, kwenye sponji ya kufungia vyombo, natikiswa na kuloweshwa pamoja na wajinga wenzangu. Mwalimu mstaafu bado anatafuta roho, binti wa benki bado anaumwa kichwa. Filamu zao ni takataka, na spika zikinguruma nasema hivyo kwa sauti yangu yote, wala hakuna anayegeuka. Mbele yangu kuna kisogo cha mke wangu, kinatikisika akicheka. Kiti cha kushoto kwake huwa hakina mtu. Huweka mkoba wake hapo.