Mfunga-Lango wa Baba Mthiyane

Mti wa mfunga-lango ulianza kugeuka manjano majira ya baridi, muda mfupi baada ya Sibonakaliso kuleta mke nyumbani, kisha yeye akarudi kazini kwenye kiwanda cha sukari. MaShozi, mama yake, hakuyatenga mambo hayo mawili.

Ni mti mfupi, wenye matawi magumu, na haupukutishi majani mwaka mzima. Baba mkwe wa MaShozi ndiye aliyeupanda kando ya lango la zizi, kama watu wa pale wafanyavyo, ili ubaya ukija na njia uishie hapo hapo. Maua yake meupe yakifunguka jioni, hata ng'ombe huinua pua. Sasa majani yalibaki na mishipa tu ya kijani, na matumba yalidondoka kabla ya kufunguka.

Makoti, ndivyo mke mpya anavyoitwa pale, aliligusia jambo hilo mara moja tu, akiwa amepiga magoti kumpa mama mkwe chai.

"Mama, ule mti wa langoni una njaa."

"Umeuona wapi?"

"Nikienda mtoni, mama."

"Njia ya mtoni haipiti langoni. Macho ya makoti yanatafuta nini kwenye zizi la baba mkwe wake?"

Makoti akainamisha kichwa. Mke mpya halikaribii lango la zizi mpaka achinjiwe mbuzi na kuruhusiwa, na mbuzi wake alikuwa bado anakula majani mlimani. Hakulitaja tena.

MaShozi ndiye aliyeendelea kulitaja, moyoni. Kwanza aliona rundo la majivu nyuma ya jiko limekuwa na majivu matupu. Masalia ya chai yalikuwa yakitupwa pale kila siku. Nani huficha masalia ya chai? Kisha kopo la misumari mikuukuu ya mumewe likawa jepesi. Kisha udongo chini ya mfunga-lango ukaonekana umechimbuliwa na kusawazishwa vizuri, vizuri mno. Mwishowe mguu wa mumewe ukavimba. Baba Mthiyane ndiye hupita langoni asubuhi akitoa ng'ombe, na jioni akiwarudisha.

Alhamisi, wakitoka kwenye sala ya akina mama, alimwambia jirani yake MaCele.

"Masalia ya chai?" MaCele alinong'ona, ingawa njiani hapakuwa na mtu. "We MaShozi, unalala usingizi gani? Kitu kikizikwa langoni, mwenye lango akakiruka, mguu ndio wa kwanza."

"Tumetoka kusali sasa hivi, MaCele."

"Ndiyo. Na Bwana alisema tukeshe. Hakusema tufumbe macho yote mawili."

Alfajiri iliyofuata MaShozi alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu amwonyeshe. Aliponyanyuka akatazama dirishani. Makoti alikuwa anatoka upande wa langoni, ndani ya ukungu, amebeba beseni lililofunikwa kitambaa. MaShozi alisema amina haraka, kama mtu aliyekwisha pata jibu.

Baba Mthiyane alimsikiliza akiwa amenyoosha mguu juu ya kigoda.

"Mwiteni kaka yake," alisema. "Tutachimba mbele yake. Kama kuna kitu, atarudi naye kwao siku hiyo hiyo."

Kaka yake alifika Jumamosi, akakaa kwenye benchi nje, kofia juu ya magoti. Makoti alikaa kwenye mkeka, mbali na zizi, shuka limemfunika mabega. MaShozi hakutaka kumpa mtu jembe. Alichimba mwenyewe, kwa nguvu. Ikatoka misumari, myekundu kwa kutu. Ikatoka chai, nyeusi, imeoza.

"Misumari!" MaCele alipaza sauti kutoka uani kwake. "Mguu wa mtu umepigiliwa misumari!"

MaShozi akainua jembe tena.

"Mama, mizizi! Usikate mizizi!"

Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ya makoti ikipanda. Kabla hawajamzuia, alikwisha kukimbia mpaka langoni kwenyewe, akapiga magoti na kuifunika mizizi kwa viganja, jembe likiwa juu ya kichwa chake.

Makoti hazungumzi na baba mkwe uso kwa uso, wala baba mkwe hamsemeshi. Baba Mthiyane akamgeukia mkewe.

"Muulize ni nini hivi."

Makoti alijibu akitazama udongo. "Kwa bibi yangu mti kama huu ukigeuka manjano, tunasema damu imepungua. Tunaulisha kutu na chai."

"Kwa nini hukuniambia?" MaShozi akauliza.

"Nilikuambia, mama. Ukaniuliza macho yangu yanatafuta nini."

Kaka yake alikohoa kidogo, akaigeuza kofia.

"Na mguu wangu?" alisema Baba Mthiyane.

"Mwambie baba, mguu siujui."

"Samahani, baba," kaka mtu akasema taratibu. "Hizo buti, zinakutosha?"

Baba Mthiyane alizitazama buti za mpira alizoletewa na mwanawe siku ya arusi. Zilimbana tangu siku ile ile, lakini mtu atasemaje hivyo juu ya zawadi? Alitazama zizi. Alimtazama makoti, mikono imejaa udongo wa lango.

"Amekwisha fika langoni," alisema mwishowe. "Na ameushika mti wa baba yangu. Mbuzi ashushwe mlimani."

"Na mti ukifa?" MaShozi aliuliza. Bado alikuwa ameshika jembe.

"Ukifa, tutajua ni jembe la nani."

Mbuzi alichinjwa, na kaka mtu akarudi peke yake na paja moja begani. Lakini upande ule uliochimbwa, mfunga-lango ulianza kupukutisha majani. MaShozi aliyaokota asubuhi kabla mumewe hajatoka. Usingizi ukampungua. Akaanza kuamka mapema kuliko makoti, akakusanya masalia ya chai kwenye beseni, akalifunika kitambaa maana watu wana maneno, akashuka nalo mpaka langoni.

"MaShozi!" Ilikuwa sauti ya MaCele, kutoka kwenye ua. "Na wewe unazika nini?"

"Chai."

"Chai," MaCele alirudia polepole, akarudi nyuma hatua moja.

Alhamisi ile, kwenye sala, MaCele aliketi benchi jingine. MaShozi alimwona akimnong'oneza mwanamke mwingine sikioni, kisha yeye MaShozi akafumba macho na kuomba, kwa muda mrefu, jani moja tu la kijani.