Posa ya Mahindi

Miongoni mwa Wakongo wa Katanga wanaoishi Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, hakuna aliyekuwa na pua ya whisky kama Tonton Kabeya. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na kwa kuwa alilisema kwa miaka mingi bila kupingwa, watu walilizoea kama walivyoizoea lifti mbovu ya jengo lake. Alikuwa dereva wa tramu mstaafu, mwenye suti za vipande vitatu na sauti ya kutangazia vituo. Kwenye sherehe hakunywa kabla ya kuinua glasi kwenye mwanga, kuinusa kwa tundu moja la pua, kisha la pili, na kutoa hukumu. Whisky kwake ilikuwa ya Scotland. Ya Ireland aliivumilia kama shemeji anayekuja bila kuarifu. Nyingine zote aliziita dawa ya kusafishia vioo.

Mwanaume huyo ndiye aliyekuwa baba wa Larissa, kwa maana ya mila. Baba mzazi wa binti huyo, mdogo wake Kabeya, alifariki Larissa akiwa bado anasoma, na Kabeya akamlea mpaka akawa mfamasia. Kwa hiyo Larissa alipopata mchumba, hakuna aliyeuliza nani ataketi kiti kikubwa siku ya posa, wala kinywaji gani kitatakiwa.

Mchumba aliitwa Antoine, Mbelgiji wa hapo hapo Brussels, fundi seremala wa kukarabati ngazi za nyumba za kale. Alikuwa mrefu, mpole, na masikio yake yaligeuka mekundu hata ukimwuliza saa ngapi. Ukoo wake haukujua lolote kuhusu posa, basi wakamwomba Papa Nday, mzee kutoka Likasi, huko huko Katanga, aliyekuwa jirani yao, awe msemaji wao. Kabeya aliposikia jina hilo aliweka uma chini.

"Nday? Ule muntu anaongeaka mpaka simu inazima!"

Kusema kweli, wazee hao wawili walikuwa wakiwindana tangu zamani. Nday alijua mila, na Kabeya alijua kwamba Nday anazijua, na hilo lilimkera zaidi kuliko kama Nday angekuwa mjinga.

Jumamosi ikafika. Saluni ya Kabeya, yaani sebule yake, ghorofa ya tatu, ilijaa viti vya kuazima. Upande mmoja waliketi wenyeji: mke wake, Maman Marie-Jeanne, shemasi wa kanisa, ambaye hakugusa pombe tangu abatizwe, dada yake Kabeya mwenyewe, Tantine Bibiane, mwanamke wa kicheko kikubwa, pamoja na wajomba na binamu. Upande wa pili Antoine alikaa katikati ya mama yake na Papa Nday, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Mambo yalianza vizuri. Vitenge vya akina mama vikafunguliwa, vigelegele vikapigwa.

"Na mbuzi?" Kabeya akauliza. "Siisikie ikilia."

"Papa Kabeya, mbuzi alishamaliza kulia," Nday akajibu, akionyesha sanduku la barafu karibu na mlango. "Alilia ku Saint-Josse, kwa muchinjaji. Hapa ameletwa akiwa na adabu."

Watu wakacheka. Hata Kabeya alilazimika kukohoa ili kuficha meno. Ndipo Antoine akainuka, akaleta katoni, akaifungua, akatoa chupa ya kwanza na kuikabidhi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Kabeya akavaa miwani. Akaisoma karatasi ya chupa. Akaisoma tena. 

"Bourbon," akasema polepole, kama anayetaja kituo ambacho hakipo kwenye njia yake. "Bourbon njo nini? Miye najua Bourbon ni bafalme ba Ufaransa. Balikata mumoja kichwa. Donc, munaniletea kinywaji ya muntu mwenye hana kichwa?"

"Ni whisky ya Amerika, Papa," Nday akasema kwa utulivu.

Kabeya akaigeuza chupa, akasoma nyuma, na nyusi zake zikapanda mpaka karibu na upara.

"Maïs! Balifanya na mahindi! Bibiane, unasikia? Miye nachunga mutoto ya ndugu yangu miaka yote hii, nampeleka ku université, na leo bananiletea bukari mu chupa!"

Masikio ya Antoine yakawa kama nyanya. Lakini akasimama, na kwa Kiswahili alichofundishwa na Larissa jikoni, akajitetea.

"Tonton, miye... nilifikiria... nyinyi munapendaka mahindi."

Bibiane akaziba mdomo kwa kitenge kipya. Antoine akahamia Kifaransa, akaeleza kwamba muuzaji alimwambia kinywaji hiki hutokana na mahindi kwa sehemu kubwa, kisha hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani kwa moto. Larissa alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba kwao hakuna meza bila bukari, ule ugali wa unga wa mahindi. Na mwaloni ndio mti wake yeye, Antoine, wa kila siku kazini. Aliona ni kama mahindi ya kina Larissa yameolewa na mbao zake.

Maneno yalikuwa matamu, na Larissa akainamisha uso akitabasamu. Lakini Kabeya alikwisha kupanda juu ya mti, na kushuka mbele ya Nday hakukuwezekana.

"Familia itaenda kuchunguza," akatangaza, akachukua chupa na kuelekea jikoni.

Mpango wake ulikuwa rahisi: kuwaacha wageni watoke jasho kidogo, arudi, adai whisky ya kweli siku nyingine. Ila alitaka kuitukana chupa hiyo kwa maneno yanayostahili, na mtu hawezi kutukana vizuri asichokionja. Akafungua, akamimina tone, akanusa kwa tundu la kwanza.

Hakufika kwenye tundu la pili.

Ilikuwa harufu ya ua wa nyuma, kule komini ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Pipa juu ya moto, bomba la shaba likipita ndani ya maji baridi, mahindi yaliyochachuka, na mama yake akifuta jasho kwa mgongo wa kiganja. Lutuku. Mama yake alipika lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo, akiwaficha polisi, na kwa lutuku hiyo watoto wake wote walivaa viatu vya shule. Kabeya mdogo alikuwa akikaa kwenye kona ya barabara, na akiona kofia ya polisi, anapiga mluzi.

Hayo hakuwahi kumwambia mtu Ulaya. Brussels nzima ilijua kwamba mama yake Kabeya alikuwa fundi wa cherehani, na kwamba nyumbani kwao kiliingia kinywaji cha melini kutoka Ulaya peke yake.

Akanywa. Ilikuwa lutuku kabisa, ila lutuku iliyopelekwa shule, ikaogeshwa, ikavalishwa koti. Moto ule ule ulipita kooni, lakini nyuma yake ulifuata utamu wa sukari iliyoungua, na nyuma ya utamu moshi wa mbao. Kabeya akashikilia ukingo wa sinki. Machozi yakamlengalenga, akasingizia vitunguu, ingawa hakukuwa na mtu aliyekuwa akikata vitunguu wala mtu wa kumpa kisingizio hicho.

Akamimina tena. Safari hii si tone.

Aliporudi saluni alikuwa amenyoosha uso.

"Uchunguzi unaendelea," akasema.

"Chukua wakati yako, Papa," Nday akamjibu, akijilaza kwenye kiti. "Hatuna haraka."

Kama Kabeya angekuwa na akili yake ya kawaida, jibu hilo lingemtia shaka. Tangu lini Nday akakosa haraka? Lakini akili yake ilibaki jikoni, na baada ya muda mfupi miguu ikaifuata.

Maman Marie-Jeanne alimkuta huko akiwa na glasi ya bia mkononi, na ndani yake si bia.

"Kabeya, unafanya nini?"

"Ninachunguza."

"Na glasi ya kilo mbili?"

Akamnyang'anya, akainusa kwa hasira ya kishemasi. Hasira ikapungua katikati ya pumzi. Akanusa tena, akatazama mlango, akafungua kabati, akatoa kijiko.

"Niko na kikohozi," akasema. "Kijiko kimoja tu, mu chai."

"Chai iko wapi?"

"Itakuya."

Hapo ndipo Bibiane alipoingia kutafuta kaka yake. Yeye hakuhitaji glasi. Alisimama mlangoni, pua juu, akapiga ukelele.

"Aï! Njo harufu ya maman!"

"Nyamaza!" Kabeya akanong'ona.

"Namna gani ninyamaze? Njo maman, kabisa! Muko na maman humu na hamuniite?"

Kabeya akageuka polepole kumtazama mke wake, kama mtu aliyevunja sahani. Miaka yote ya ndoa, hadithi ya cherehani ilikuwa imesimama imara.

"Marie-Jeanne," akaanza, "maman yangu... ile mambo ya kushona..."

"Kabeya, nilijuaka mbele tuoane." Alikuwa akilamba kijiko. "Baba yangu alikuwa kiliya yenu, alinunuaka kwenu. Kila juma, vendredi."

"Basi ju ya nini haukusema?"

"Ulikuwa unapenda ile cherehani sana. Nilikuonea huruma."

 Kabeya aliona haya, lakini haya hiyo haikukaa, kwa sababu Bibiane alikuwa tayari amemkumbatia na chupa pamoja, akicheka na kulia. Wakaanza kukumbushana: polisi aliyekuja kukamata akaondoka anaimba, bata wa jirani aliyekula makapi ya mahindi akalala juu ya paa. Vicheko vilimwita mjomba mmoja, mjomba akamwita binamu, na kila aliyekuja kuuliza uchunguzi umefika wapi alipewa kidogo ili asaidie.

Huko saluni, upande wa wenyeji ukabaki na Larissa peke yake. Mama yake Antoine, ambaye hakuelewa Kiswahili hata neno, aliona watu wakiingia jikoni mmoja mmoja na kutorudi, na wachache waliorudi kuchukua viti walikuwa na macho mekundu. Akamwuliza mwanawe kwa sauti ya chini kama kuna msiba, na kama wangepaswa kuleta maua.

Ndipo Papa Nday akainuka. Akajinyoosha koti, akaenda jikoni, akapita katikati ya watu, akaichukua chupa. Akaiinua kwenye dirisha, akafumba jicho moja, kama Kabeya afanyavyo kwenye sherehe. Ndani hakukuwa na kitu.

"Bandugu," akasema, "turudi ku saluni."

Waliketi kama wanafunzi waliokamatwa. Nday akasimama katikati, chupa tupu kifuani.

"Kwetu Katanga, posa yenye imekataliwa inarudi nzima ku mlango, sawa vile ilikuya. Njo mila. Lakini posa yenye imeingia mu tumbo imepokelewa. Alors, Papa Kabeya: uturudishie kinywaji yetu humu ndani, yote, ao utupatie bibi wetu."

 Larissa akapasuka kwa kicheko, na nyumba nzima ikafuata. Kabeya peke yake hakucheka. Aliona wazi alivyonaswa. Aliona pia kwamba bado angeweza kubishana, maana kubishana hakujawahi kumshinda. Akasimama. Akatazama suti yake, akamtazama Antoine, masikio mekundu, uso umejaa wasiwasi.

"Uchunguzi umeisha," akasema. "Munisikilize. Maman yangu hakukuwa anashona. Alikuwa anapika lutuku mu komini ya Kenya. Na mahindi. Miye nilikuwa napiga mluzi." Akamnyooshea Antoine mkono. "Hii mutoto ameniletea kintu ya kwetu, na hakujua. Bengine bote beko banajua na habakuleta. Antoine, kuya hapa, mwana wangu."

Vigelegele vilipanda mpaka jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu. Antoine alikumbatiwa na watu wanaonukia mwaloni. Papa Nday alingoja zogo litulie, kisha akauliza kwa uchungu wa kweli kama yeye, aliyekaa mchana mzima na kinywa kikavu kwa ajili ya mila, hastahili glasi. Kabeya alimfungulia chupa ya pili kwa mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuwaona wamekaa kiti kimoja.

Habari za jikoni hazikai jikoni. Jumapili, baada ya ibada, wanaume walikuwa wakiulizana kwenye soko la Gare du Midi ni wapi inapouzwa whisky ya mahindi. Sudi, Mrundi mwenye duka chini ya jengo, Mwislamu asiyeuza pombe, alisumbuliwa wiki nzima na wateja wakitaka "Bourbon". Akawapa alichokuwa nacho chenye jina hilo: vanila ya kuokea keki. Iliisha yote, na hadi leo hajui Wakongo walipika keki ngapi.

Katika sherehe zilizofuata, msichana wa Katanga hakuposwa Saint-Gilles bila chupa hiyo kuwekwa mezani, na wazee wakaanza kubishana kuhusu asili yake. Kabeya alishikilia kwamba lazima kuna Mkatanga aliyepita Amerika zamani. Kuhusu whisky ya Scotland, alisema sasa kwamba inanuka mkeka ulionyeshewa.

Harusi ilipopita, alimwalika mama yake Antoine kula chakula cha mchana. Mama huyo alionja bourbon kwa ncha ya ulimi, akanyamaza, akaonja tena, akasogeza glasi mbele iongezwe. Kisha akauliza, kwa heshima, hiyo bukari waliyoitaja siku ile ni kitu gani hasa. Kabeya akavua koti, akakunja mikono ya shati, akabandika sufuria jikoni na kushika mwiko.

"Madame," akamwambia, "karibia. Hii inaombaka mukono ya nguvu."